KISOGO KIKIUMA, ULIZA KABLA YA KUMEZA

Wasomaji wetu, kwa kawaida katika kurasa hizi twazungumza habari za kupe, malisho, mbegu na bei za mnadani. Lakini mbuzi hajitekei maji kisimani, wala kitunguu hakijipalilii. Mali yote ya mfugaji na ya mkulima yategemea miili ya watu wachache walio nyumbani, na miili hiyo ikilala, mali nayo hulala. Kwa hiyo mwezi huu tumetenga nafasi kwa habari ya maumivu ya kisogo, yaani upande wa nyuma wa kichwa, pale fuvu linapokutana na shingo.

Garbatulla iko upande wa mashariki wa kaunti ya Isiolo, na kutoka huko hadi mjini Isiolo ni safari ya zaidi ya kilometa 100. Nchi ni kavu, jua ni kali, na kazi kubwa ya kila siku ni kuyafuata maji. Katika ukame ulioanza mwishoni mwa mwaka 2020, misimu mitano ya mvua ilipita mmoja baada ya mwingine bila mvua ya kutosha, Ganna na Hagaya zote, mpaka mwisho wa mwaka 2022. Mwaka wa namna hiyo njia ya kwenda majini huwa ndefu na mzigo huwa mzito zaidi, na mwili wa mtu haukosi kulipa.

Mtu akiumwa kisogo, majirani hawakosi jibu. Mmoja husema, "Hiyo ni presha." Wa pili husema, "Ni malaria." Wa tatu husema, "Ni jua tu, litapita." Kisha mgonjwa hutuma mtoto dukani kununua vidonge. Mara nyingi hupona, na husifu vidonge. Lakini mara nyingine vidonge vimezima maumivu tu, na ugonjwa wenyewe unaendelea kufanya kazi yake kimya kimya. Hapo ndipo hatari ilipo.

Basi tazameni jinsi ninyi wenyewe mnavyofanya na wanyama. Ngamia akichechemea, mfugaji mwenye akili hamdungi sindano papo hapo. Kwanza humlaza, huutazama wayo, hutafuta mwiba, hugusa goti, hukumbuka jana alipita wapi. Kuchechemea ni kumoja, sababu ni nyingi. Kisogo nacho ni vivyo hivyo.

SHINGO NDIYO INAYOLALAMIKA

Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 4 au 5 hivi. Kimewekwa juu ya mifupa saba ya shingo. Mbuzi ana mifupa saba, ngamia ana saba, na hata twiga mnayemwona porini, pamoja na urefu wake wote, ana saba tu. Lakini wanyama hao hawabebi mitungi kichwani.

Mifupa hiyo hushikwa na misuli mingi, na mingine kati ya hiyo imefungwa katika mfupa wa kisogo kama kamba za hema zilivyofungwa katika vigingi. Kamba ikivutwa siku nzima, kigingi hutikisika. Vivyo hivyo misuli ya shingo ikikazwa muda mrefu, maumivu huonekana kisogoni, na wakati mwingine hupanda mpaka utosini na nyuma ya macho. Tena katikati ya misuli hiyo hupita mishipa ya fahamu inayotoka juu ya shingo na kwenda kwenye ngozi ya kichwa. Mshipa huo ukibanwa au ukiwaka, mtu husikia uchungu wa ghafula kama kuchomwa sindano au kupigwa na umeme, na hata kuchana nywele humwuma.

Kwa hiyo yafaa kujua kwamba maumivu mengi ya kisogo hayatoki ndani ya kichwa. Yatoka shingoni, na sababu yake ni kazi.

KAZI ZINAZOUMIZA

Mtungi wa maji wa lita 20 una uzito wa kilo 20 na zaidi. Mwanamke anayeubeba kichwani amebeba vichwa vinne juu ya kichwa chake kimoja. Anayeufunga mgongoni naye huinama na kuisukuma shingo mbele hatua kwa hatua mpaka nyumbani. Kazi hii ya kila siku huikaza misuli na huilemea mifupa ya shingo.

Wanaume nao wana sehemu yao. Katika visima vya kuchimbwa kwa mkono, mtu husimama chini na kumpokeza ndoo aliye juu yake. Saa nzima uso wake hutazama juu na mikono yake iko juu ya mabega. Waliolima Rapsu na Kinna, palipo na mashamba ya kumwagilia maji, wajua uchungu wa kuinama na jembe katika vitunguu kutwa nzima. Dereva wa bodaboda hutikiswa na barabara mbovu. Na kijana anayechunga akiwa ameketi chini ya mgunga, macho yake yako katika simu na kidevu kimegusa kifua. Kichwa kikiinama hivyo, mzigo wa misuli ya kisogo huongezeka mara kadhaa, ingawa mkono wake haujashika ila simu.

Maumivu ya shingo yana alama zake. Huanza polepole, huzidi jioni au baada ya kazi, huhisiwa kama ukanda uliofungwa kichwani, na ukibonyeza misuli iliyo chini ya fuvu wakuta mahali pagumu panapouma. Homa hakuna. Mtu hula, huzungumza na hutembea kama kawaida.

TIBA YA NYUMBANI

Ukiona alama hizo peke yake, fanya hivi:

1. Chovya kitambaa katika maji ya moto yasiyounguza, ukikamue, ukiweke shingoni kwa dakika 15. Rudia mara mbili au tatu kwa siku.

2. Keti wima. Rudisha kidevu nyuma taratibu, kama mtu anayekataa kunusa kitu, bila kuinamisha kichwa. Hesabu mpaka tano, kisha legeza. Fanya mara 10 asubuhi na mara 10 jioni.

3. Geuza uso polepole kuelekea bega la kulia, kisha la kushoto. Inua mabega mpaka masikioni, kisha yaache yashuke. Usilazimishe panapouma.

4. Lala na shingo ikiwa sawa na mgongo. Mto mrefu mno, au kigoda cha mti chini ya kichwa usiku kucha, huikunja shingo.

5. Usilale kitandani siku nyingi. Shingo hupona kwa kutumiwa kwa kiasi, kama mguu wa ndama aliyeteguka.

Tena punguzeni chanzo chenyewe. Punda akifungwa mitungi pande zote mbili kwa uzito sawa, amewaokoa watu wawili. Asiye na punda heri achukue mtungi wa lita 10 mara mbili kuliko wa lita 20 mara moja, na akibeba kichwani aweke kata nene. Kisimani, wekeni kapi na kamba, na kama hamna, badilishaneni zamu kabla ya mtu kuchoka. Mwenye simu aiinue mpaka usawa wa macho.

Kuna mambo mawili ya kuacha kabisa. Kwanza, usimruhusu mtu, awe kinyozi au rafiki, akushike kichwa na kukizungusha kwa nguvu mpaka shingo ilie. Ni nadra, lakini kwa kufanya hivyo mishipa ya damu ya shingo imewahi kupasuka na mtu akapata kiharusi. Pili, wako wanaochoma kisogo kwa chuma cha moto au kuchanja kwa wembe. Jeraha hilo haliwezi kulegeza msuli, bali laweza kuingiza pepopunda, na tena hupoteza siku ambazo mgonjwa wa kweli angekuwa ameshafika hospitali.

KIU, CHAI NA MIRAA

Sababu nyingine ya kichwa kuuma katika nchi ya joto ni kukosa maji mwilini. Mchungaji huondoka alfajiri na hurudi machweo, na maji ya chupa moja ameyagawana na mbwa. Tazama mkojo wako. Ukiwa mweupe au wa manjano hafifu, mwili umetosheka. Ukiwa na rangi ya chai ya rangi, mwili unalia. Kunywa maji kidogo kidogo, pumzika kivulini, na mara nyingi kichwa kitatulia bila kidonge.

Chai na buni pia zina siri yao. Mtu aliyezoea vikombe vingi vya chai nzito kila siku, siku asipoipata huumwa kichwa. Wengi huyaona haya katika siku za mwanzo za Ramadhani, saa za alasiri. Dawa yake ni kupunguza chai taratibu wiki moja au mbili kabla ya mfungo, na kunywa maji ya kutosha usiku, tangu kufuturu mpaka daku. Lakini mwenye ugonjwa wa presha, kisukari au figo asingoje mwezi uandame. Amwone daktari mapema wapange pamoja saa za dawa.

Miraa hutoka jirani, katika milima ya Nyambene, na hufika ikiwa mbichi. Mlaji huketi saa nyingi akitafuna, taya na shingo zimekazwa, usingizi umekimbia. Tena miraa hupandisha mapigo ya moyo na shinikizo la damu. Anayeumwa kisogo kila asubuhi baada ya usiku wa miraa hana haja ya kutafuta mchawi.

JE, NI PRESHA?

Hili ndilo swali tunaloulizwa zaidi. Jibu lake lina sehemu mbili, na zote mbili zafaa kushikwa.

Sehemu ya kwanza: maumivu ya kisogo si kipimo cha presha. Wengi wenye shinikizo kubwa la damu hawasikii uchungu wowote. Wanachunga, wanacheka, wanalala vizuri, huku moyo, figo na mishipa ya ubongo ikiharibika. Kwa hiyo mtu asiyeumwa kisogo asiseme, "Mimi sina presha." Na mgonjwa aliyepewa dawa za presha asiziache kwa sababu kichwa kimetulia.

Sehemu ya pili: shinikizo likipanda mno, laweza kuleta maumivu makali ya kichwa, hasa kisogoni. Kwa hiyo kila mtu mzima anayeumwa kisogo mara kwa mara apimwe. Kipimo hakiumi. Hufungwa kitambaa mkononi, na hutoka namba mbili. Namba zilizo karibu na 120 juu ya 80 ni nzuri. Zikiwa 140 juu ya 90 au zaidi, na zikirudia hivyo siku nyingine, ni ugonjwa wa kutibiwa. Zikifika 180 juu ya 120, na pamoja nazo kichwa chauma sana, macho hayaoni vizuri, kifua chabana au mtu amechanganyikiwa, ni safari ya hospitali saa ile ile.

Mwaka 2023 Serikali ya Kenya ilianza kuwagawia wahudumu wa afya ya jamii mikoba ya vifaa, na mashine ya kupimia presha ni kimojawapo. Basi mwulizeni mhudumu wa kijiji chenu. Chumvi nayo mwachieni ng'ombe: mtu mzima hahitaji zaidi ya kijiko kimoja kidogo cha chai kwa siku, katika vyakula vyake vyote.

Mama mjamzito ana sheria yake peke yake. Mimba ikipita miezi mitano, na kichwa kikamwuma sana, macho yakaona nyota au ukungu, uso na mikono ikavimba, au tumbo likauma chini ya mbavu, hiyo yaweza kuwa dalili ya kifafa cha mimba. Asipewe kidonge na kuambiwa alale. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, maana ugonjwa huu huua mama na mtoto, na ukiwahiwa hutibika.

KISOGO PAMOJA NA HOMA

Homa ikiingia, habari hubadilika. Kuna magonjwa matatu ya kufikiriwa.

La kwanza ni malaria, hasa baada ya mvua. Lipimwe kwa damu, wala lisikisiwe.

La pili ni brusela, ule ugonjwa unaowafanya ng'ombe, mbuzi na ngamia kutupa mimba. Mtu huupata kwa kunywa maziwa mabichi, au kwa kushika kwa mikono mitupu mimba iliyotupwa na kondo la nyuma. Homa huja na kuondoka, jasho hutoka usiku, viungo na mgongo huuma, na kichwa pia. Wengi hutibiwa malaria mara tatu au nne kabla brusela haijatajwa. Kwa hiyo mfugaji akifika hospitali amwambie daktari bila kuulizwa, "Mimi nakunywa maziwa mabichi, na mwezi huu mbuzi wangu wametupa mimba." Maneno hayo machache yaweza kumwokolea miezi ya mateso. Tiba yake ni ya wiki sita au zaidi, nayo isikatwe katikati. Kinga yake ni kuchemsha maziwa, ya ngamia nayo.

La tatu ndilo la kuogopwa zaidi: homa ya uti wa mgongo. Homa ni kali, kichwa chauma vibaya, mwanga waumiza macho, mgonjwa hutapika, na shingo hukakamaa hata kidevu hakiwezi kugusa kifua. Wengine huchanganyikiwa au hupatwa na degedege, na wengine hutokwa na madoa mekundu au meusi ngozini. Kwa mtoto mchanga shingo yaweza kuwa laini, lakini atakataa kunyonya, atalia bila kunyamaza au atalegea, na utosi utavimba. Ugonjwa huu hauhesabiwi kwa siku, huhesabiwa kwa saa. Chanjo zinazopewa watoto bure hukinga baadhi ya vijidudu vyake, nayo ya nimokoka ilianza kutolewa Kenya mwaka 2011. Mama, usiache kadi ya chanjo ipitwe na tarehe kwa sababu ya kuhama na mifugo. Kituo chochote cha afya chaweza kuendeleza pale ulipoachia.

VIDONGE VYA DUKANI

Hatusemi kwamba vidonge ni vibaya. Parasitamoli ni dawa njema kwa mtu mzima asiye na ugonjwa wa ini, ikiwa atameza vidonge viwili vya miligramu 500, angoje saa sita kabla ya kurudia, wala asipite vidonge vinane katika siku moja. Lakini majina ya vidonge dukani ni mengi na dawa iliyo ndani mara nyingi ni moja. Mtu humeza vya jina hili na vya jina lile akidhani ni vitu viwili, kumbe amezidisha.

Aspirini asipewe mtoto. Vidonge na sindano za namna ya diklofenaki na aibuprofeni hupandisha presha, na huumiza figo, zaidi kwa mtu aliyekaukiwa na maji.

Tena yuko mgonjwa anayemeza kila siku kwa sababu kichwa chauma kila siku. Huyu ajue kwamba kumeza dawa za maumivu siku 10 hadi 15 au zaidi katika kila mwezi, kwa miezi kadhaa, kwaweza kuwa ndiko kunakoleta maumivu. Kichwa huzoea kidonge na hukidai. Mgonjwa wa namna hiyo aende akasaidiwe kuacha.

USINGOJE, NENDA

Mpeleke mgonjwa hospitali bila kungoja mojawapo ya haya likitokea:

1. Maumivu yamekuja ghafula kama radi, tena ni makali kuliko yote aliyowahi kuyapata.

2. Kuna homa na shingo iliyokakamaa.

3. Mdomo umepinda, mkono au mguu umelegea, maneno hayatoki sawa, au macho yaona viwili viwili.

4. Amepata degedege, amechanganyikiwa, au asinzia na haamki vizuri.

5. Maumivu yameanza baada ya kuanguka, ajali ya pikipiki au pigo la kichwa.

6. Ni mjamzito, au amejifungua wiki chache zilizopita.

7. Maumivu ni mapya kwa mtu aliyepita miaka 50, au yazidi wiki baada ya wiki, au humwamsha usingizini na kumtapisha.

Watu wa mbali, kama wale wa upande wa Sericho, wajua kwamba mvua ikinyesha barabara hukatika. Kwa hiyo fikirieni safari mapema. Kila kijiji kiwe na namba ya simu ya mwenye gari na ya hospitali ya Garbatulla, na kila nyumba iweke akiba kidogo ya nauli. Kondoo mmoja aliyeuzwa siku ya kwanza ni rahisi kuliko ngamia aliyeuzwa siku ya nne.

Na mkifika kwa daktari, msiseme tu, "Kichwa chauma." Mwambieni: maumivu yalianza lini, na je, yalianza polepole au ghafula? Yako wapi hasa? Ni saa gani yanapozidi, na kwa kazi gani? Kuna homa, kutapika au ganzi? Umemeza nini, na vingapi? Umekunywa maziwa gani? Mgonjwa mwenye majibu hayo amefanya nusu ya kazi ya daktari.

Mfugaji hamnunui ngamia bila kumzunguka na kumkagua. Basi kisogo chako nacho kikague hivyo hivyo. Ikiwa ni shingo iliyochoka, ipe maji ya moto, punda na pumziko. Ikiwa ni jambo jingine, usilifunike kwa kidonge. Nenda ukaulize mapema, ukiwa bado na miguu ya kukufikisha.